Kanivo inajaa mchanga, korongo linasogea: tuchange pesa tuipanue?

Swali: Enjenia, salamu. Tunakaa Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko. Mwaka jana mradi mmoja ulitujengea kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua, ya saruji kando ya avenyu (mtaa wetu). Mvua za Septemba zilipoanza tu ikajaa mchanga na chupa, maji yakaruka yakaingia kwenye parseli (kiwanja) yangu. Pale inapoishia, korongo limefunguka, sasa liko hatua nne toka jiko la jirani. Chefu wa avenyu anataka tuchange tuipanue. Kijana wangu anasema kila nyumba ichimbe shimo la kumeza maji ya bati lake, aliona Goma. Nani tumsikilize?

Jibu: Mama, pole na hilo korongo. Kwa sasa msichange, na shimo msilichimbe kabisa.

Nianze na kijana, maana wazo lake si la kijinga, ila ni la mji mwingine. Goma wamekaa juu ya mawe ya volkano, maji yanapenya kwenye nyufa yakapotea. Sisi Bukavu tumekaa juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi, tena umelalia mteremko. Ukiulisha maji unalewa: unakuwa mzito, unalegea, kisha unateleza na nyumba zilizo juu yake. Waulize watu wa Funu, huko huko Kadutu, ambako mteremko umeshateleza. Kwetu maji ya mvua hayazikwi. Yanashikwa juu ya ardhi, au yanashushwa polepole.

Kuyashika kunawezekana kuliko mnavyodhani. Bati la mita 6 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 40, linamwaga lita 2,400, yaani mapipa 12. Nyumba 20 za avenyu yenu: lita 48,000 kwa mchana mmoja, zote zinakimbilia kanivo ile ile. Kila nyumba ikiweka mtaro wa bati na mapipa matatu tu, robo ya mzigo imeondoka, na nyinyi mnapata maji ya kufulia.

Sasa kanivo. Ugonjwa wake si wembamba. Ni mbio za maji, na pale yanapotupwa. Saruji laini kwenye mteremko mkali ni kama kuteremka barabara kwa baiskeli isiyo na breki: maji yanafika chini na nguvu yote, yanachimba udongo mtupu, na korongo linakula likipanda juu, kuelekea kwenye mdomo wa kanivo yenyewe. Mkiipanua, mnalilisha. Inatakiwa ngazi ndani ya kanivo, maji yaanguke kidogo kidogo, na chini kabisa gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, maji yafikie hapo. Kingo za korongo zipandwe majani ya vetiva au matete, mizizi ishike udongo. Takataka mnazotupa humo hazilizibi hata kidogo.

Kwa juu, jengeni kisanduku cha kunasa mchanga, kina cha mita moja, kichotwe kila salongo, siku ya usafi wa pamoja. Mchanga huo mafundi watawanunulia. Chupa msiziache zipite: zikifika Ziwa Kivu zinaelea mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, zinabana mitambo, halafu jioni tunalalamikia umeme.

Ngazi na gabioni si kazi ya avenyu moja. Mkizifanya peke yenu, mtamsukumia korongo jirani wa chini. Chefu akae na machefu wa juu na wa chini yenu, mchore kwenye karatasi maji yanatoka wapi na yanaishia mto gani, mpeleke komini (ofisi ya serikali ya Kadutu) na kuomba fundi wa OVD, ofisi ya serikali ya barabara na mifereji, aje kupima. Mchoro wa avenyu tatu unasikilizwa kuliko kilio cha mtu mmoja.

Jambo la mwisho ni la leo hii. Angalia ukuta wa jiko la jirani. Kama una ufa, pigeni misumari miwili, mmoja kila upande, mpime katikati yake kwa rula kila Jumamosi. Ikiachana hata milimita chache kwa wiki ya mvua, au mlango ukianza kukataa kufunga, jirani asilale humo tena.