Uchovu, baridi na uvimbe wa shingo: apimwe damu (TSH)

Dada, umeuliza kama mama yako anayechoka, anayenenepa ilhali hali chakula kingi, na kusikia baridi hata jua la saa saba, ana shida ya tezi ya shingo. Inawezekana kabisa. Ukiongeza choo kigumu, ngozi kavu na mapigo ya moyo ya polepole, hiyo ni picha ya tezi iliyolegea. Tezi inayozidisha kazi huwa kinyume: mtu anakonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na kwa wengine macho hutokeza nje.

Mwangalie leo. Akae kwenye mwanga, ainue kidevu kidogo, anywe funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka anapomeza kwa kawaida ni wa tezi. Lakini shingo isiyo na uvimbe haimaanishi tezi ni nzima, kwa hiyo damu ipimwe TSH (homoni ya kuiamrisha tezi ifanye kazi) na T4 huru (homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe). TSH ikiwa juu na T4 chini, tezi yenyewe imelegea.

Akiandikiwa levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni ya tezi, ameze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Hapa wengi hukosea: vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali kwa saa 4, maana huzuia dawa kufyonzwa. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi majibu hupotosha.

Sauti ikikwaruza, chakula kikikwama kooni, au uvimbe mgumu ukikua haraka, mpeleke hospitali bila kungoja majibu ya damu.