Ukisema "mimi ni mama bora" moyo ukikataa, badilisha sentensi

Assalaam alaykum. Dada aliyeuliza ni mama wa watoto watatu, anakaa Fuoni, Unguja, na saa 1:30 asubuhi anatakiwa awe kazini Mjini. Wiki mbili sasa anasimama mbele ya kioo kila asubuhi na kusema "Mimi ni mama bora", na kila siku anatoka pale akijiona mwongo. Anauliza kama mambo haya ya kujipa moyo hayamfai, au kuna pahala anakosea. Anaogopa pia kuwa huku ni kujisifu.

Dada yangu, kosa ni moja tu, na limo ndani ya sentensi yenyewe. Mwaka 2009 Joanne Wood, mtafiti wa saikolojia, na wenzake kule Kanada waliwapa watu sentensi ya aina hiyo waikariri, ya kujiambia kuwa wao ni watu wa kupendeka. Wale waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo waliishia kujihisi vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakukariri kitu. Ukiangalia utaona ni lazima iwe hivyo. Ukisema "mama bora", moyo hapo hapo unafungua daftari la madeni: uji ulioungua, ukali wa jana usiku, mkutano wa skuli uliokupita. Sifa kubwa inaita ushahidi wa kuikanusha. Tendo dogo lililokwisha kufanyika halina wa kulikanusha.

Kwa hiyo sentensi iwe na vitu vitatu: jina lako, jambo ulilolifanya kweli ndani ya saa 24 zilizopita, na hatua moja ya mbele. Isizidi maneno 15, itoke kwa pumzi moja. Tuseme jina lako Asha. Badala ya "Mimi ni mama bora", sema: "Asha, usiku uliamka mara mbili kwa mtoto, sasa chemsha chai." Hiyo "mara mbili" usiiache, kwa sababu hesabu ndiyo inayoifanya sentensi isimame. "Asha, unajitahidi sana" haina pa kushika, na siku ya tatu itakuwa imekufa mdomoni. Hatua ya mbele nayo iwe ya dakika tano zijazo. Ukiweka "leo nitamaliza kazi zote" umeshajitengenezea deni la jioni.

Jina usiliache hata ukilionea haya. Ethan Kross na wenzake mwaka 2014 walionyesha kuwa mtu anayejisemesha kwa jina lake, badala ya "mimi", hupunguza hofu na haya mbele ya jambo zito. Unajisemesha kama unavyomsemesha mdogo wako, na mdogo wako humwambii maneno unayojiambia wewe.

Sasa lini. Wengi hutega saa ya simu, nayo hulia wakati unamkosha mtoto, unaizima, basi imekwenda. Wengine hungoja kitandani usiku, na hapo uchovu ndio unaozungumza. Itundike kwenye kazi ambayo lazima uifanye kila siku, mikono imeshughulika lakini akili iko huru. Kukuna nazi kunafaa sana: umekaa juu ya mbuzi, huwezi kushika simu, mkono unajiendea wenyewe. Au pale bombani, ndoo ya lita 20 inapojaa. Au juu ya mswala baada ya alfajiri, kabla hujanyanyuka. Chagua kazi moja tu kwa mwezi wa kwanza. Daladala siipendekezi, kwa sababu siku ukipata lifti au ukisimama umebanwa, msumari wako hauko.

Wanaofanya kazi ya mwani, kama kina mama wa Paje na Jambiani, wasiifunge kabisa na saa. Saa ya maji kupwa inasogea kiasi cha dakika 50 kila siku, na siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, hamwendi shambani. Ifungeni na tendo la nyumbani lisilotegemea maji.

Kuna na ile sauti ya ghafla: "Mama gani mimi!" Usibishane nayo, na usiijibu kwa sifa. Igeuze tu, kutoka tabia iwe tendo na saa. Mtoto amekaa chuo cha Kurani akikungoja dakika 20: "Asha, umechelewa dakika 20. Kesho saa 9:30 mpigie jirani amchukue." Shutuma ya tabia haina dawa, ila kuchelewa kuna dawa. Panga kabisa kabla sauti haijaja: nikisikia "mama gani mimi", nitataja jina, kisha tendo, kisha saa. Peter Gollwitzer amefanya kazi ya miaka mingi juu ya mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", na imeonekana humsaidia mtu kutenda hata akiwa hana nguvu ya kufikiri.

Sentensi utazitoa wapi kila siku? Daftari dogo jikoni, na kalamu imefungwa kwa uzi, maana kalamu ndiyo inayopotea kwanza. Baada ya kukosha vyombo andika mstari mmoja unaoanza na "nili-": nilimsomesha Juma herufi nne, nilinyamaza nilipotaka kupiga kelele. Ijumaa soma mistari ya wiki nzima kwa sauti. Siku usiyopata la kuandika, andika "niliwalisha", kwa sababu uliwalisha.

Ukikosa siku moja, endelea kesho yake bila kulipa. Phillippa Lally na wenzake London waliona jambo jipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine 18, wengine 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mwezi wa Ramadhani hamishia kwenye maandalizi ya futari, ukijua utairudisha pahala pake baada ya Idi.

Umeogopa pia kuwa huku ni kujisifu. Sentensi hii haikuweki juu ya mtu yeyote. Inataja neema uliyowezeshwa. Malizia na alhamdulillahi, ushike kazi.

Jambo la mwisho nataka ulichukue kwa uzito. Kama huzuni au kukosa raha na kila kitu kumekaa wiki mbili mfululizo, usingizi umekimbia hata mtoto akilala, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, hapo daftari halitoshi na si kosa lako. Ukiwa umejifungua karibuni, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo unapompeleka mtoto kliniki. Usiseme "nimechoka tu". Mwambie siku ngapi, unalala saa ngapi, na unawaza nini. Mawazo ya kujidhuru hayangoji siku ya kliniki: mwamshe mtu wa nyumbani, mwende hospitali usiku huo.