Mtama au kunde kwanza?

SWALI: Bustani yangu imechoka, mchicha unatoka wa njano. Nipande mtama au kunde?

JIBU: Panda vyote, mstari kwa mstari. Mtama utakupa nafaka na mabua. Kunde zitaleta naitrojeni, chakula cha mimea kinachokijanisha majani. Usiniamini hivi hivi. Zikikaribia kuchanua, ng'oa mche mmoja, pasua kwa ukucha vile vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani, kazi ya kutengeneza naitrojeni inaendelea, vikiwa vyeupe, bado. Zikichanua kata, mizizi iache ardhini. Mwaka mmoja mimi nilizionea huruma, nikangoja nivune. Nilikula vizuri, udongo ukabaki na njaa! Mabua makavu yatandaze juu tu. Ukiyafukia, wakati wa kuoza yatanyang'anyana naitrojeni na mchicha wako.