Maswali na Majibu: Marseille alilengaje ndege iliyokuwa ikikata kona?

SWALI: Nimesoma kwamba rubani Mjerumani Hans-Joachim Marseille aliangusha ndege 17 kwa siku moja huko Misri mwaka 1942. Ndege yake ilibeba risasi ngapi hata zikatosha? Na kama alikuwa hodari kiasi hicho, ilikuwaje akafa akiruka kutoka kwenye ndege ambayo adui hakuigusa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nianze na risasi, maana hesabu yake iko wazi. Siku hizo Marseille alirusha Messerschmitt Bf 109 F-4. Ndege hiyo ilikuwa na mzinga mmoja wa milimita 20 uliofyatua kupitia katikati ya propela, wenye risasi 200, na rashasha mbili za milimita 7.92 juu ya injini, kila moja na risasi 500. Mzinga ule ulitema kama risasi 12 kwa sekunde, kwa hiyo ukibana kitufe bila kuachia, zinakwisha kabla ya sekunde 20.

Tarehe 1 Septemba 1942 alipaa mara tatu, akaandikiwa ndege 4 asubuhi, 8 kabla ya adhuhuri na 5 jioni. Mafundi wa silaha waliokuwa wakijaza mikanda yake ya risasi walipata wastani wa risasi 15 hivi kwa kila ndege. Zidisha kwa ndege 8 za mruko ule mkubwa kuliko yote, ni 120. Zilitosha na chenji ikabaki.

Swali gumu zaidi ni hili: kwa nini 15 tu, wakati marubani wengi walimaliza mkanda mzima wakarudi mikono mitupu? Mfikirie kijana anayemwinda kanga kwa manati. Akilenga pale alipo kanga anayeruka, jiwe linapita nyuma ya mkia. Angani ni vivyo hivyo, ila kwa kasi ya kutisha. Chukua Tomahawk, ndege ya kivita iliyotumiwa na upande wa Waingereza, inayokatiza mbele yako kwa kilomita 400 kwa saa, yaani mita 111 kila sekunde. Wewe uko umbali wa mita 200. Risasi ya mzinga inatoka kwa mita 700 na ushei kwa sekunde, hivyo inahitaji robo sekunde na kidogo ili ifike. Katika muda huo Tomahawk imeshasogea kama mita 30, na urefu wake wote haufiki mita 10. Unatakiwa ulenge hewa tupu, urefu wa ndege tatu mbele yake.

Ikiwa inakata kona, mambo yanazidi. Ili uelekeze risasi huko mbele, ni lazima uvute usukani na kuinua pua ya ndege yako, na pua ya Bf 109 ni ndefu: inamfunika adui. Unafyatua wakati humwoni tena. Nimefundisha urubani miaka mingi, na kila nikiichora picha hii ubaoni nastaajabu upya. Marseille alikuwa anapiga mahali ambapo adui bado hajafika, tena akiwa amefichwa na chuma cha ndege yake mwenyewe.

Mbinu yake iliwashangaza hata wenzake. Tomahawk na Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, zikizidiwa zilijipanga duara, kila moja ikilinda mkia wa iliyo mbele. Yeye alishuka kutoka juu, akaingia humo, akapunguza moto wa injini na kushusha flapu, yaani vipande vinavyoinamishwa nyuma ya bawa. Flapu zikishuka, bawa linabeba zaidi kwenye kasi ndogo, na ndege inaweza kukata kona kali zaidi. Anafyatua kwa kufumba na kufumbua, kisha anapanda tena. Kumwiga ni hatari, kwa sababu ndege iliyopoteza kasi katikati ya maadui ni kitoweo. Yeye alikuwa na mwenza wa kumlinda mgongo, mara nyingi Rainer Pöttgen, aliyetaniwa na wenzake kuwa ni mashine ya kuhesabu inayoruka. Silaha kuwa puani kulimsaidia pia. Bunduki za Hurricane zilikaa mabawani, risasi zake zikikutana kwenye umbali mmoja uliopangwa. Za Bf 109 zilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Wala hakuzaliwa na ujuzi huo. Tarehe 23 Aprili 1941, siku aliyopata ushindi wake wa kwanza Afrika Kaskazini, aliangushwa na Mfaransa James Denis aliyekuwa kwenye Hurricane. Akatua kwa tumbo, ndege ikiwa na matundu karibu 30. Mwezi uliofuata Denis alimwangusha tena. Baada ya hapo, kila wakirudi kambini, alizoea kuwavamia wenzake angani bila kufyatua, apime pembe tu. Tarehe 3 Juni 1942, jirani na Bir Hakeim huko Libya, aliandikiwa Tomahawk sita kwa dakika 11, na mzinga wake ulikuwa umekwama mapema. Nyingi alizipiga kwa rashasha.

Ila tuelewane: kuandikiwa si lazima iwe kuangusha. Jumla yake ni 158, na 151 kati ya hizo ni za Afrika Kaskazini. Baada ya vita, watafiti walipolinganisha na kumbukumbu za upande wa pili, baadhi hazikupata ndege iliyopotea. Vumbi, moshi na haraka humdanganya hata shahidi mkweli. Pia karibu zote zilikuwa ndege za kupigana na ndege nyingine, huku zile za mabomu zikiendelea kuchoma malori ya mafuta ya jeshi la Rommel, jenerali wa Wajerumani huko Afrika Kaskazini.

Sasa kifo chake. Tarehe 30 Septemba 1942 alikuwa kwenye Bf 109 G-2 mpya, yenye injini DB 605. Wakirudi, moshi ukajaa chumba cha rubani. Uchunguzi ulitaja gia iliyovunjika meno, mafuta ya kulainisha yakavuja na kuwaka. Wenzake walimwongoza kwa redio mpaka upande wao wa mstari wa vita, karibu na Sidi Abdel Rahman, kwa sababu yeye haoni kitu.

Hapo akafanya kama ilivyofundishwa: akaipindua ndege kichwa chini ili adondoke. Lakini ndege iliyopinduka, usipousukuma usukani mbele, nguvu ya mabawa inaivuta kuelekea ardhini. Kwa kuwa hakuona upeo wa macho, hakujua kwamba pua imeshazama na kasi imepanda hadi kama kilomita 640 kwa saa. Alipotoka, upepo ulimtupa nyuma, kifua kikagonga bawa la wima la mkia. Waliomfikia walikuta mpini wa parachuti bado uko kwenye usalama. Hakujaribu kuuvuta, pigo lile lilikuwa limemuua au kumzimisha.