Kwa Nini Ninajitolea New Orleans

Ndugu zangu wa Tanga, mmeniuliza inakuwaje mji wa Marekani, nchi yenye fedha zote hizo, uwe bado na viwanja vilivyoota majani tangu kimbunga Katrina cha Agosti 2005, na kwa nini mimi niliyekuja kutafuta maisha natoa Jumamosi zangu kwa kazi isiyo na ujira. Nitawajibu bila kuficha.

Kilichouangamiza mji huu hasa ni kubomoka kwa kuta za mifereji zilizojengwa na wahandisi wa jeshi la serikali kuu, hata maji yakafunika takriban asilimia 80 ya mji. Fedha za ujenzi zilikuja, ila mgawanyo wake uliwaumiza wanyonge. Mpango wa jimbo la Louisiana ulioitwa Road Home ulitazama thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuitengeneza, kisha ukakadiria ruzuku kwa kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Katika mitaa ya watu weusi kama Lower Ninth Ward, ambako nyumba zilithaminiwa kwa bei ya chini, wenye nyumba walipata fungu lisilotosha, ingawa mbao na misumari wananunua kwa bei ileile wanayonunua matajiri. Kesi ya kupinga ukadiriaji huo iliyofunguliwa mwaka 2008 ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2011, wakati wengi walikwisha kuhamia Houston na kwingineko. Wengine walikwama kwa kuwa hati ilibaki kwa jina la marehemu babu na mirathi haikufunguliwa, jambo ambalo hata kwetu tunalijua vizuri. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 484,674 mjini humu. Ile ya 2020 ilihesabu 383,997.

Hapo ndipo wanaojitolea wanapohitajika, kwa sababu mwenye nyumba akiondolewa gharama ya mafundi, akiba yake huweza kununua vifaa. Tunabandua jipsam iliyoota ukungu mpaka nguzo za ukuta zibaki tupu, kisha tunang'oa misumari yote ya zamani, kwani ukiachwa hata mmoja jipsam mpya haikai sawa. Mama mmoja mzee tuliyemtengenezea nyumba alikuwa akipitisha kiganja kwenye kila nguzo nyuma yetu, na akiukuta msumari alituita turudi. Nilimheshimu sana kwa hilo, maana wapo wanaokuja kwa juma moja la likizo wakafanya kazi kwa pupa, nayo hulazimika kurudiwa.

Binamu yangu ameuliza kama kujitolea kutamfungulia njia ya ajira. Mimi hakujanipa ajira. Mshahara wangu ni wa kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, na humo ndimo zinamotoka fedha ninazotuma. Lakini kabla ya kuanza kujitolea niliishi mjini humu bila kumjua jirani hata mmoja kwa jina, na upweke huo sikuwaeleza katika simu zangu. Mwaka 2021, kimbunga Ida kilipokata umeme mji mzima, mama yule ndiye aliyekuja kuniuliza kama nina maji ya kunywa.