Maswali Yenu: Vumbi Kwenye Kamera

SWALI: Hamjambo wahariri? Mimi hupiga picha za harusi hapa Nakuru. Mwezi ujao naenda Chalbi, Marsabit, kupiga picha za ngamia. Nina kamera moja na lenzi mbili. Nizikinge vipi na vumbi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, kwa hiyo vumbi lake lina chumvi. Chumvi hunasa unyevu, ikabakia kwenye chuma ikaleta kutu. Usilale kabla ya kuisafisha kamera.

Vumbi huingia hasa unapobadilisha lenzi. Chagua moja asubuhi, ukae nayo hadi jioni. Ikibidi kubadilisha, fanyia ndani ya gari, vioo juu, feni imezimwa, kamera nayo imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Lenzi inayorefuka unapovuta picha karibu ndiyo mbaya zaidi, maana kila ikirefuka hunyonya hewa pamoja na vumbi lake.

Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini kofia ya plastiki ya kuogea inatosha kabisa. Toboa tundu dogo kuliko mdomo wa lenzi, upitishe lenzi, ukaze kwa rababendi. Vifuniko vya kadi na chaja vizibe kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Ile nyeusi ya mafundi umeme huacha gundi kukiwa na joto. Funga pia filta ya kioo mbele ya lenzi. Saizi yake, kama milimita 67 au 77, imeandikwa kwenye lenzi.

Jioni anza na pampu ya mpira ya mkono, kisha brashi laini, kitambaa mwisho. Ukitanguliza kitambaa unakwaruza kioo kwa mchanga. Kompresa ya gereji usiiguse: hutema maji na mafuta, na husukuma vumbi ndani zaidi.

SWALI: Tangu nipige picha kwenye machimbo ya Kariandusi, picha zangu zina madoa. Ni lenzi au sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha? – Msomaji, Gilgil

JIBU: Weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, piga anga tupu kwa lenzi mbili tofauti. Doa lisilohama liko kwenye sensa. Likionekana juu ya picha, kwenye sensa litafute chini. Unga wa Kariandusi ni silika, madini kama ya mchanga, laini mno, hivyo usiufute ukiwa mkavu. Geuza mdomo chini, upulize kwa pampu. Ukigoma, mpelekee fundi mwenye vifutio vya sensa: milimita 16 kwa sensa ndogo ya APS-C, 24 kwa sensa kubwa ya fremu kamili. Pamba ya masikio huacha nyuzi.