Kufikisha Ujumbe wa Dirisha kwa Kitu Chake katika Windows

Anayeandika programu ya Windows kwa C++ bila maktaba ya kumsaidia hukutana mapema na ugumu mmoja: kila tukio la dirisha, kama kubofya kipanya, hufika kama ujumbe, na mfumo huita funksheni moja kwa aina nzima ya madirisha, ilhali yeye anataka kila dirisha lihudumiwe na kitu chake (object ya C++) chenye data yake. Kitanzi cha kupokea ujumbe chenyewe ni chepesi, kwa kuwa GetMessage hutoa ujumbe kwenye foleni na DispatchMessage huukabidhi kwa funksheni ya dirisha husika. Kazi huanza baada ya hapo.

Nimetumia njia kadhaa, ikiwemo jedwali la kulinganisha madirisha na vitu vyake, na ninayoipendekeza kwa moyo wote ni hii: pitisha kielekezi cha kitu chako (anwani yake kwenye kumbukumbu) katika hoja ya mwisho ya CreateWindowEx, funksheni inayounda dirisha, kipokee ndani ya WM_NCCREATE, ujumbe unaofika dirisha likiwa bado linaundwa, kisha kihifadhi kwenye dirisha lenyewe kwa SetWindowLongPtr. Usingoje CreateWindowEx imalize ndipo uhifadhi, kwani wakati huo WM_CREATE, ambamo wengi wetu hupanga vitufe na visanduku, imekwisha kupita. Tena dirisha kuu hupokea WM_GETMINMAXINFO, ujumbe wa mipaka ya ukubwa wake, hata kabla ya WM_NCCREATE, kwa hiyo kagua kila mara kama kielekezi ni tupu, na kikiwa tupu upeleke ujumbe kwa DefWindowProc, funksheni ya mfumo inayoshughulikia ujumbe kwa njia ya kawaida. Upande wa pili, kifute unapopokea WM_NCDESTROY, ambao ndio ujumbe wa mwisho wa dirisha.

Ujumbe wowote usioushughulikia ni wa DefWindowProc. Usiurudishie sifuri na kuuacha. WM_PAINT, ujumbe wa kuagiza dirisha lichorwe, huonyesha hatari hiyo waziwazi: ukirudisha sifuri bila kuita BeginPaint na EndPaint, eneo la dirisha hubaki likidai kuchorwa, ujumbe huohuo hurudi bila kikomo, na kichakataji hushughulika ingawa mtumiaji hajagusa kitu.

Nakusihi pia ufupishe kila kishughulikiaji cha ujumbe. Dirisha lisipoujibu mfumo kwa sekunde 5 hivi, Windows hulihesabu kuwa limekwama, na mtumiaji anaweza kuifunga programu pamoja na kazi ambayo hajaihifadhi. Kusoma faili kubwa au kungoja mtandao kupewe uzi mwingine (thread, mfuatano wa kazi unaoendeshwa sambamba), nao ukimaliza ulete matokeo kwa PostMessage, ambayo huweka ujumbe kwenye foleni na kurudi papo hapo. SendMessage hungoja hadi dirisha limalize kuushughulikia, na ikiwa uzi wa dirisha nao unaungoja uzi uliotuma ujumbe, nyuzi zote mbili husimama.